Vimkia Viwili Chini ya Neno Upele

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya rekodi za hospitali mnanifurahisha. Juzi nilipita kituo kimoja cha afya hapa Kitale kuchukua dawa zangu za presha, nikaona msichana ameketi mbele ya kompyuta, kucha rangi ya zambarau, anaandika herufi nne za jina la ugonjwa na mashine inammalizia neno zima na kumpa namba juu yake. Nikaganda pale dirishani nikimtazama mpaka akaniuliza, "Shosho, umepotea?"

"Sijapotea," nikamwambia. "Hiyo kazi unafanya, mimi nimeifanya kabla mama yako hajajua atakuzaa."

Akacheka, akanivutia kiti. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia siku hiyo, pamoja na mengine niliyoyakata kwa sababu foleni ilikuwa imeanza kunung'unika.

Naitwa Njeri, lakini wengi wananijua kama Mama Shiru. Nimezaliwa Kibomet, kwa wazazi waliohamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a kufuata shamba la mahindi. Kazi yangu mpaka nilipostaafu ilikuwa kugeuza ugonjwa kuwa namba. Daktari anamwona mgonjwa, anaandika ni nini, halafu mimi natafuta namba ambayo ulimwengu mzima umekubaliana kuupa ugonjwa huo. Watu husema ni kazi ya kukaa. Ni kweli unakaa, lakini namba yenyewe inatembea. Inakwenda kwa anayeagiza dawa, kwa bima, kwa mwajiri wa mgonjwa, na ikifika huko hakuna anayeuliza kama aliyeiandika alikuwa amekunywa chai au bado.

Ukitaka kujua kama karani anaijua kazi, mpe ngozi. Malaria ni malaria. Mfupa uliovunjika, picha inaonyesha. Lakini ngozi ikiwaka, ikawa nyekundu, ikavimba na kuwasha, inaweza kuwa ni wadudu, ni sabuni, ni majani ya shambani, ni dawa aliyomeza, ni cheni ya bandia shingoni. Kwa jicho la haraka zote zinafanana, na kila moja ina namba yake.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuwa mkubwa wangu nilipoajiriwa Kitale. Alikuwa na vitabu vinene vya namba za magonjwa, amevifunika kwa karatasi ya kaki. Kimoja kilikuwa orodha ya majina kwa alfabeti, kingine kilikuwa na namba zenyewe na maelezo yake. Sheria yake ilikuwa moja: jina unalitafuta katika kile cha kwanza, lakini huandiki kitu mpaka umefungua cha pili ukahakikisha. Mimi nilikuwa na haraka zangu za ujana, nikaona kitabu cha pili ni cha kupotezea watu wakati.

Basi akaja mzee mmoja wa hapo kwetu Kibomet, kibarua wa kuosha matrekta, mikono imechunika kwa sabuni ya unga. Nikafungua orodha, nikashuka na kidole: ngozi kuwaka, sababu ni sabuni. Kidole kikateleza mstari. Kesho yake Mzee Wafula akaniita, faili mkononi, uso umetulia kabisa.

"Njeri, huyu mzee ako na miaka ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Na ameanza kuvaa nepi lini?"

Nilikuwa nimempa namba ya watoto wachanga waliochubuliwa na nepi. Mzee Wafula hakunigombeza. Alifanya vibaya zaidi: kila mara yule mzee aliporudi kliniki alinituma mimi nikampokee, na yeye alijificha nyuma ya kabati la faili akicheka mpaka mabega yanatetemeka. Mzee wa watu hakujua lolote, alinisalimia kwa heshima zote, na mimi sikuweza kumtazama usoni.

Tangu siku hiyo nilifungua kitabu cha pili. Mzee Wafula alinionya pia kuhusu ile namba ya ngozi iliyowaka ambayo chanzo chake hakijatajwa. Aliiita kapu la wavivu, kwa sababu makarani wengi hutupa humo kila kitu kinachowasha. Na alisisitiza kwamba karani hatibu mtu. Ukiona mwandiko wa daktari haueleweki, usijaze mwenyewe, inuka ukamuulize. "Hiyo miguu yako ni ya kazi, bana," alikuwa akiniambia. "Si ya kuweka chini ya meza tu." Nilidhani nimelielewa somo hilo. Nilielewa nusu.

Miaka ya mwishomwisho ya kazi nilihamishiwa Bungoma, kituo kimoja upande wa Misikhu. Sasa mkubwa nilikuwa mimi, na vijana walionifuata niliwatisha kwa vitabu vile vile. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma nikilikumbuka, kuliko hata lile la nepi. Nalieleza bila kulipaka rangi, maana mnaweza kulifanya kesho asubuhi.

Kompyuta ilikuwa imefika lakini siku nyingi ilikuwa imezimika, kwa hiyo tulitumia daftari kubwa la wagonjwa. Asubuhi moja shule ya bweni ya wasichana ilileta wanafunzi kumi na wawili, wote wana upele, ule wa wadudu wanaochimba ndani ya ngozi na kuambukizwa kwa kulala pamoja na kushikana. Namba yake ni B86. Nikaandika neno upele mara moja, na chini yake nikaanza kuweka vile vimkia viwili tunavyoviita dito, maana yake "kama hapo juu". Dito, dito, dito. Mkono ulikuwa unajiendesha wenyewe. Mstari wa kumi na tatu alikuwa Nasimiyu, mpishi wa shule ile ile, aliyekuja na gari lile lile. Katika kijitabu cha matibabu cha Nasimiyu, Daktari Chemtai, binti mmoja mtulivu kutoka Mlima Elgon aliyekuwa tabibu wetu, alikuwa ameandika, "Ngozi ya mikono imewaka, chanzo bado," akaweka alama ya kuuliza na siku ya kurudi. Sikusoma. Niliona jina la shule, nikaweka dito.

Kesho yake Nasimiyu akaleta karatasi ya mwajiri, ile inayojazwa ugonjwa ili mtu apewe ruhusa ya siku mbili tatu. Nikafungua daftari, nikafuata vimkia kwenda juu mpaka kwenye neno, nikamwandikia "Upele, B86", nikagonga muhuri. Kisha nikaenda kunywa chai.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, mama mmoja mwenye mwili wake alikuja akalijaza dirisha langu. Alikuwa amevaa glavu za mpira za manjano, ndefu, zinakaribia kiwiko.

"Mimi natafuta mtu aliandika ati niko na upele."

"Habari yako, mama."

"Habari si mzuri. Ni wewe?"

Nikafanya kile kila karani hufanya akibanwa. "Sisi hapa tunanakili tu kile daktari ameandika."

"Basi nakili tena," akasema, akakibwaga kijitabu chake mbele yangu.

Nikasoma, nikafungua daftari, nikasoma tena. Daktari alikuwa ameweka swali, na mimi nilikuwa nimelijibu kwa niaba yake.

Nasimiyu akanieleza yaliyompata bila kupunguza sauti, na foleni nzima ikasikia. Matroni wa shule alisoma karatasi yangu akaamua kwamba mpishi ndiye aliyewaletea wasichana upele. Ikatangazwa paredi, mbele ya wanafunzi wote. Nasimiyu akarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya upele, akaambiwa atupe krimu aliyopewa na daktari, ajipake hiyo mpya, na asiguse kitu chochote kwa mikono mitupu.

"Miaka kumi na tisa mimi nasonga ugali ya hiyo shule," akasema. "Hakuna msichana ameumwa na tumbo. Sasa Ijumaa saa nane bodi inakaa, wanaandika mpishi mwingine. Sababu ya hii kalatasi yako. Hata kanisani watu wananisalimia na kichwa. Ati hivi." Akatikisa kichwa kwa mbali, kwa madaha. Foleni ikacheka, mpaka watu walipoona machozi yake.

"Na ile dawa imekusaidia?" nikamuuliza.

"Si inachoma! Nikipaka inachoma. Nikivaa glavu juu ndio inachoma kabisa."

Niliinuka. Kutoka dirisha langu mpaka chumba cha Daktari Chemtai si hatua hamsini, na ndizo hizo nilizokataa kutembea wiki mbili nyuma. Nikamwambia daktari mbele ya Nasimiyu, "Huyu nilimwekea dito." Daktari alinitazama kidogo tu, kisha akamwomba Nasimiyu avue glavu.

Hapa nataka mtulie mwone alivyofanya, kwa sababu karani anayejua daktari anatafuta nini hapotezwi ovyo na mwandiko.

Alianza na nyumbani. "Mzee anajikuna?"

"Mzee wangu anajikuna kichwa tu, akitafuta uongo."

"Watoto?"

"Hakuna."

Upele wa wadudu haukai nyumbani wiki nyingi na mtu mmoja, utawatembelea wote. Kisha akamtenganisha vidole, akatazama katikati yake na kwenye vifundo vya mikono, akitafuta vijia vidogo wanavyochimba wadudu wale. Havikuwapo. Mwisho akamwinua mikono kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba, ina malengelenge na nyufa, kuanzia vidoleni kwenda juu, na karibu na kiwiko ikaacha ghafla. Mkono wa kulia na wa kushoto, mahali pamoja.

"Mama Shiru, njoo uone," daktari akaniita. "Kuna mdudu anaweza kusimama hapa, mikono yote miwili?"

"Labda awe na rula."

"Mama, hizi glavu ulianza kuvaa lini?"

"Hii muhula. Shule ilinunua mpya, ya kuosha sufuria. Lakini mimi hata nikisonga ugali navaa, mvuke isinichome."

"Ugali ya watu wangapi?"

"Mia nne. Na hiyo ni siku moja tu."

Daktari akaketi. Akatueleza kwamba mpira hutengenezwa kwa kemikali, na mkono ukitoa jasho ndani ya glavu yenye joto, kemikali hizo hutoka kidogokidogo na kugusa ngozi. Kuna miili inayozikataa. Dawa ya upele nayo ni kali, huchoma hata ngozi nzima, sembuse iliyokwisha kuwaka. Kwa hiyo yale yote Nasimiyu aliyoamriwa ili apone ndiyo yaliyomzidishia. "Na mimi siku ya kwanza ulikuja bila glavu, sikuuliza unavaa nini kazini," akasema. "Pole, mama."

Mimi tayari nilikuwa nimetoa kalamu. Daktari akatikisa kichwa.

"Bado. Nikiandika sasa hivi nitakuwa nabahatisha, kama wewe." Alilisema bila ubaya, lakini lilinifikia mahali pake.

Akachukua mkasi, akakata kipande cha mraba cha glavu, kidogo tu, akakata na kingine cha shashi safi ya kufungia vidonda, chenye ukubwa ule ule. Akavibandika vyote mgongoni kwa Nasimiyu, mahali ngozi ilipokuwa nzima, akavifunika kwa plasta, ili tuone ngozi itakataa kipi.

"Mnanitia viraka?" Nasimiyu akauliza.

"Usiloweshe mgongo mpaka Ijumaa asubuhi. Glavu uache, hiyo chupa uache, upake ile krimu yangu."

"Na kama hiyo kitu itakataa kuonyesha?"

"Basi nitaandika sijui."

"Hiyo haiwezi kunisaidia kwa bodi, daktari."

"Haiwezi," daktari akakubali. "Lakini itakuwa ukweli."

Siku mbili hizo nilizihisi. Alhamisi nilijifungia na daftari nikazikagua dito zangu zote za mwezi ule, na nikapata adabu: mwanamume mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu nilikuwa nimempa mafua, kwa kuwa tu aliketi nyuma ya wenye mafua. Nikatambua pia nilivyolielewa vibaya lile kapu la Mzee Wafula. Alikataza kutupa humo ugonjwa ambao chanzo chake kimeandikwa. Hakukataza kuandika kwamba hakijajulikana pale ambapo kweli hakijajulikana. Siku ile ya kwanza, hiyo ndiyo ilikuwa namba halali ya Nasimiyu, na daktari alikuwa amenipa mkononi.

Ijumaa saa mbili alikuwa mlangoni kabla yetu. Daktari akabandua plasta. Chini ya shashi ngozi ilikuwa safi. Chini ya mpira palikuwa na mraba mwekundu, umevimba, una malengelenge madogo, pembe zake zote nne zinahesabika.

"Iko nini? Si mseme!" Nasimiyu alikuwa anajipinda shingo, na mgongo wako mwenyewe huwezi kuuona hata ufanyeje. Daktari akapiga picha kwa simu, akamwonyesha.

"Hiyo ni glavu?"

"Hiyo ni glavu."

Akapiga vigelegele, mtu wa famasi akatoka mbio akidhani mtu amejifungua.

Daktari akaandika: mzio wa ngozi kutokana na kugusana na mpira. Nikafungua kitabu cha kwanza, nikafungua cha pili, na safari hii kidole nilikiwekea rula. L23.5. Hiyo L23 inasema ngozi imewaka kwa sababu mwili umekataa kitu kilichoigusa, na tano ya mwisho inasema kitu chenyewe ni katika kemikali, ambamo mpira umo pamoja na saruji na dawa za wadudu. Kisha nikasahihisha daftari. Usifute kamwe, wala usipake ile rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja mwembamba ili kosa liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi, tarehe, na sahihi yako. Nikaweka yangu, Njeri, kwa herufi za kusomeka.

Barua ya kusahihisha, tuliyoiandikia bodi mimi na daktari, ningeweza kumpa akapeleka mwenyewe. Nilivaa sweta nikaenda naye.

Bodi ilikuwa imekaa katika chumba cha walimu. Mwenyekiti, mkulima wa mahindi mwenye gambuti miguuni, alisoma barua mpaka mwisho akaiweka chini.

"Mama, mimi hii mambo ya namba sijui. Anaambukiza ama haambukizi?"

"Haambukizi. Na hajawahi."

"Na hii ya kwanza, yenye muhuri?"

"Niliiandika mimi. Ni makosa."

"Daktari alikwambia vibaya?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, na alinifungulia kwa nia njema.

"Hapana. Daktari aliandika sawa. Mimi sikusoma."

Matroni akatazama mikono yake. Mwenyekiti akavuta pumzi, akasema wasichana wamekula ugali mbichi wiki mbili, hata yeye mchana ule amepewa sahani akaiacha nusu. "Nasimiyu, enda jikoni. Tutakutafutia glavu ingine, ile daktari amesema hapa, haina mpira."

Nasimiyu hakuinuka. "Bado," akasema. "Ilitangazwa paredi. Itangazwe tena paredi. Na si matroni atasema. Ni huyu."

Katika maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimezungumza na watu kupitia dirisha. Saa kumi jioni nilisimama kwenye ngazi za bwalo, wasichana mia nne wamepanga mistari mbele yangu.

"Naitwa Mama Shiru," nikaanza, "karani wa hospitali. Niliandika kwamba mpishi wenu ana upele. Hana, na hajawahi kuwa nao. Ni glavu zilizomchoma mikono." Nikaongeza sauti ili mstari wa nyuma usikie. "Daktari aliandika vizuri, mimi sikusoma. Mama Nasimiyu hajamwambukiza mtu. Aliyekosa ni mimi, na ninamwomba msamaha mbele yenu."

Halafu mstari wa nyuma wakaanza kupiga makofi, makofi yakaja mbele, na mtu akapiga kelele kuhusu ugali, wote wakaangua kicheko. Nasimiyu akapanda ngazi akasimama kando yangu, aproni ameshafunga.

"Haya, mmesikia," akawaambia. "Sasa kila mtu aende anawe mikono. Na sabuni. Mwenye mikono chafu hakuli kwangu."

Wasichana wakakimbilia mifereji ya kunawia. Mimi nikabaki pale, sijui kama nimeruhusiwa kuondoka. Akanigeukia.

"Na wewe pia, mama. Nawa mikono, ukuje ule."

Nikaenda nikapanga foleni nyuma ya wasichana, nikanawa.